Lugha ya Bibi Kambini

Fundi alikuwa mshonaji wa makochi. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo. Mbele, upande wa barabara, palikuwa na kibanda cha kazi. Humo alikata sponji, akavuta kitambaa, akakibana kwenye mbao kwa stepla. Watu wa mtaa waliipenda kazi yake. Walisema kochi la Fundi ukishalikalia, huinuki mpaka uitwe.

Aliishi na watu wawili. Mmoja alikuwa binti yake wa pekee, msichana wa darasa la nne. Kila mtu alimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Mwingine alikuwa mama mkwe wake. Kidoti alimwita Bibi. Fundi alimwita Mama.

Bibi alitoka mbali, na alizungumza lugha ya kwao tu. Kiswahili hakukijua, isipokuwa maneno machache kama maji, ndiyo na basi. Fundi na Kidoti nao hawakuijua lugha ya Bibi. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwasumbua, maana mama Kidoti alikuwepo. Yeye alizijua lugha zote mbili. Bibi akisema neno, mama Kidoti alilipokea akampa mumewe. Fundi akijibu, alilirudisha kwa Bibi. Mara nyingine alilitia chumvi humo njiani, na wote wakacheka.

"Tumfundishe Kidoti lugha ya Bibi," mama Kidoti aliwahi kusema.

"Tutamfundisha," Fundi alijibu. "Kwanza ashike masomo. Lugha ya Bibi haikimbii."

Kisha mama Kidoti akaugua. Alianza na homa, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Tangu hapo nyumba ilinyamaza. Watu walikuwamo, na walisema, lakini maneno yao hayakukutana.

Asubuhi moja walikuwa wanakunywa chai. Bibi alimgeukia Fundi akasema jambo. Fundi akamsogezea sukari. Bibi akatikisa kichwa, akarudia. Fundi akaleta kijiko. Bibi akasema tena, safari hii kwa sauti kubwa. Kidoti akakimbia kuleta mto, akidhani labda mgongo unamwuma. Bibi akatazama sukari, kijiko na mto vilivyopangwa mbele yake kama bidhaa za dukani. Akainuka mwenyewe, akajikongoja, akafunga dirisha. Kumbe upepo ulikuwa unampiga.

Zamani wangecheka mpaka wapaliwe na chai. Siku ile hakuna aliyecheka. Bibi alirudi kitini, na chai yake ikapoa kikombeni.

Kila asubuhi Bibi alisimama kwenye mlango wa chumba cha Fundi, chumba alimokuwa akilala marehemu mama Kidoti. Aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, akasema maneno fulani. Yalikuwa yaleyale kila siku. Kidoti aliyasikia akiwa anafunga kamba za viatu. Fundi aliyasikia akiwa anaosha uso. Alidhani ni sala, au labda ni salamu ya asubuhi ya huko kwao.

Bibi alianza kukonda. Magauni yalimning'inia mabegani. Fundi akampeleka kwa daktari.

"Anasikia maumivu wapi?" daktari aliuliza.

"Sijui, daktari."

"Usiku anapata usingizi?"

"Sijui."

"Wewe ni mwanawe?"

"Ni mama wa marehemu mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kuzungumza naye."

Daktari alimpima Bibi taratibu, mapigo ya moyo, macho, tumbo. Hakuona ugonjwa. "Nitampa dawa ya kumtia hamu ya kula," alisema. "Lakini huyu anahitaji mtu wa kuongea naye."

Fundi aliitikia. Mtu huyo amtoe wapi, hakujua.

Kidoti naye alikuwa na yake. Alikuwa amelifuta jina la mama kinywani mwake. Fundi akianza kumkumbusha siku za nyuma, mtoto aliuliza habari za hesabu za shule, au alitoka nje. Basi wakawa watu watatu wanaomlilia mtu mmoja, kila mtu pembeni kwake.

Shule zilipofungwa, tangazo la kambi ya likizo lilibandikwa kwenye ukuta wa maktaba ya mtaa. Watoto wangefika asubuhi na kurudi nyumbani alasiri. Wangecheza mpira, wangechora, wangesoma hadithi. Fundi alimwandikisha Kidoti bila kusita. Alitaka mtoto atoke katika ile nyumba nzito, acheke na wenzake.

Kambi iliongozwa na dada mmoja mchangamfu. Watoto walimwita Dada Filimbi, maana filimbi haikumtoka shingoni. Kidoti alianza kurudi nyumbani na rangi mikononi na vumbi magotini. Fundi akashusha pumzi.

Siku moja Dada Filimbi aliwakusanya watoto. "Alhamisi tutakuwa na Siku ya Utamaduni," aliwaambia. "Wazazi watakuja. Kila mmoja aje na salamu ya lugha ya kwao. Mavazi tutayatengeneza hapahapa."

Kidoti alifika nyumbani na jambo hilo kichwani. Alimwendea Bibi, akapunga mkono kama anayesalimia, kisha akaonyesha mdomo wake. Bibi alidhani mtoto ana njaa. Akamkatia mkate. Kidoti aliula mkate ule bila kuutaka, halafu akaenda kibandani kwa baba yake.

"Baba, salamu ya kina Bibi inasemwaje?"

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa. "Mama yako ndiye aliyejua."

Kidoti alitazama chini. "Yale maneno anayosema Bibi kila asubuhi pale mlangoni ni salamu?"

"Nafikiri ni salamu," Fundi alisema.

"Basi nitasema hayo. Nimeshayashika."

Siku ya Alhamisi ukumbi wa maktaba ulipambwa kwa karatasi za rangi. Watoto walivalishwa sketi za karatasi zilizochanwa kama majani. Walichorwa mistari ya chaki mashavuni. Hakuna nyumba hata moja pale mtaani ambako watu waliwahi kuvaa hivyo, lakini Dada Filimbi alikuwa ameona picha mahali fulani, akadhani ndivyo inavyotakiwa. Spika ilipiga muziki kwa nguvu.

Fundi alikuja na Bibi, amemshika mkono. Alidhani atafurahi kumwona mjukuu wake. Alimkalisha mstari wa mbele.

Zamu ya Kidoti ikafika. Alisimama mbele ya watu, akashika kipaza sauti, akatikisa kiuno kama alivyoelekezwa. Kisha akayasema yale maneno ya Bibi, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja.

Watoto wengine wakacheka. Lugha hiyo hawakuwahi kuisikia, na ilichekesha masikioni mwao. Kidoti akadhani wamependa. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, huku akicheza.

Bibi alisimama. Alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Akaketi sakafuni palepale, akalia kwa sauti. Mtu mmoja akazima spika. Ukumbi mzima ukasikia kilio kile.

Mlangoni alikuwa amesimama Mkutubi, mwanamke wa makamo aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia mtaani kufanya kazi katika maktaba hiyo. Alikuwa amebeba boksi la vitabu. Aliliweka chini polepole, akamtazama mtoto aliyevaa karatasi, kisha akamtazama mzee aliye sakafuni. 

Fundi alimwinua Bibi akamwongoza nyumbani. Kidoti aliwafuata nyuma, anachana sketi yake kidogo kidogo, na vipande vikaanguka njiani.

Jioni, jua likiwa bado lipo, walisikia hodi. Alikuwa Mkutubi. Fundi alimkaribisha kwenye kochi.

"Samahani kwa kuja bila taarifa," Mkutubi alisema. "Naomba nikuulize. Nani alimfundisha mtoto yale maneno?"

"Hakufundishwa na mtu, dada. Huyasikia kwa Bibi yake kila asubuhi. Si salamu?"

Mkutubi alitikisa kichwa kukataa. "Mimi si mtu wa kwao. Lakini lugha yangu na ya Bibi zinasikilizana. Ni kama ndugu wa baba mmoja na mama tofauti. Fundi, ile si salamu. Yale ni maneno ya msiba. Bibi anasema, Mwanangu, umeniachia nani wa kusema naye?"

Fundi aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia la mlango alisikia mtoto anavuta kamasi. Kidoti alikuwa amesikia yote.

Bibi alitoka chumbani kwake. Mkutubi akainuka, akamsalimia kwa lugha yake. Bibi alisimama wima kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugenini. Alijibu. Mkutubi akauliza jambo, Bibi akajibu tena. Kisha akaketi, akamshika Mkutubi mkono, na maneno yakaanza kumtoka. Yalitoka mengi kwa pamoja, mengine juu ya mengine. Mkutubi ikambidi amwombe apunguze mwendo.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anasema anajua mmemchoka. Anasema tangu binti yake afe, hakuna anayemwambia neno. Anadhani mnangoja aondoke, ila mnaona haya kumfukuza."

"Hapana," Fundi alisema. "Mwambie hapana. Huyu ni mama yangu."

Mkutubi aliyafikisha. Bibi alimtazama Fundi kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja fupi. Mkutubi akalitafsiri.

"Anauliza binti yake alikufaje."

 Hapo ndipo Fundi alipotambua walichomfanyia mama huyu. Siku ile ya msiba Bibi alikuwa nyumbani. Aliona watu wanaingia wanalia. Aliona jeneza. Hakuna aliyeweza kumweleza. Alikuwa amemzika mwanawe bila kujua kilichomwua.

Kidoti akatoka nyuma ya pazia. Akaketi miguuni pa baba yake. "Na mimi hujaniambia," alisema.

Basi Fundi akaeleza. Alieleza habari za homa, na jinsi ilivyopanda kichwani. Alieleza kitanda cha karibu na mlango, na muuguzi aliyekuwa anampangusa uso kwa kitambaa chenye maji. Alisimama baada ya kila sentensi ili Mkutubi aifikishe.

"Mwishoni hakuwa ananijua," Fundi alisema. "Alisema kwa lugha ya Mama. Sikuelewa. Nilikuwa nimemshika mkono, anasema nami, na mimi simwelewi mke wangu. Kuna neno moja alilirudia sana."

"Neno gani?" Mkutubi aliuliza.

Fundi akalisema kama alivyolikumbuka, kwa ulimi mzito. Mkutubi hakulijua. Bibi akamtaka alirudie. Akalirudia. Uso wa Bibi ukabadilika.

Alijibu taratibu sana, na Mkutubi akatafsiri. "Anasema hivyo ndivyo mtoto mdogo anavyosema akitaka kubebwa mgongoni. Binti yake alikuwa anamwomba ambebe."

 Bibi alilia, lakini kilio hiki hakikuwa kama cha ukumbini. Kidoti alimsogelea, akaweka kichwa mapajani mwake. Bibi akamshika nywele.

Kesho yake Kidoti alikataa kwenda kambini. "Nilimchezea Bibi msiba wake mbele ya watu," alisema. "Siendi."

"Hukujua," Fundi alimwambia. "Mimi mtu mzima nilikwambia ni salamu. Kosa ni langu kabla halijawa lako. Kaa na Bibi leo. Mimi nitakwenda."

Alifunga kibanda, akaenda maktaba. Alimkuta Dada Filimbi amekaa na Mkutubi katikati ya karatasi za jana. Macho ya Dada Filimbi yalikuwa mekundu. Mkutubi alikuwa ameshamweleza.

"Baba Kidoti, nisamehe," Dada Filimbi alisema. "Nilitaka watoto wajue kwao. Sikutaka kumwumiza mtu."

"Najua, mwalimu. Hata mimi ninayeishi naye nimemwumiza bila kutaka."

"Basi niiondoe kabisa habari hii ya utamaduni kambini. Tubaki na mpira."

"Usiiondoe," Mkutubi alisema. "Kambi ni mahali pazuri kwa jambo hili. Shuleni watoto wana mitihani. Kambini wana muda, na hakuna alama za kupata wala kukosa. Tatizo ni kwamba tulianzia jukwaani. Tulipaswa kuanzia nyumbani."

"Nyumbani kwa vipi?"

"Kwanza tuwaulize wazazi. Nyumba hii ina nani, wanasema lugha gani, wanajua kazi gani ya mikono, michezo gani, hadithi gani. Wazee wenyewe watuambie kipi kinafaa kufundishwa watoto na kipi si cha mchezo. Kuna maneno ya msiba, kuna nyimbo za sala. Mtu wa nje hawezi kuzitambua. Mwenyewe ndiye anajua."

Dada Filimbi alitikisa kichwa kukubali. "Na mavazi?"

"Tukimvalisha mtoto nguo ambayo kwao haivaliwi, tumemfundisha uongo. Utamaduni ni vile watu wanavyosema, wanavyosalimiana, wanavyofanya kazi, wanavyolea watoto. Mtoto hawezi kuusoma siku moja. Kidogo kila siku, kwa vikundi vidogo, mikono ikiwa na kazi. Akishika kitu, jina lake halimtoki."

"Na mtoto ambaye kwao hakuna mzee?" Dada Filimbi aliuliza. "Ninao kadhaa. Jana mmoja alijificha chooni kwa sababu hakuwa na salamu ya kuleta."

"Hilo sikuwa nimelifikiria," Mkutubi alisema.

"Basi mzee akija hapa awe mzee wa kikundi kizima. Asiwe wa mjukuu wake tu," Dada Filimbi alisema. Uso wake ulianza kuchangamka. "Na tuwe na sharti. Neno la mtu halichekwi mpaka mwenye neno acheke kwanza. Na hakuna kumlazimisha mtoto kusema mbele za watu. Anayetaka kusikiliza tu, asikilize."

Fundi alikuwa anatazama viti vya ukumbini. Vilikuwa vya mbao ngumu, virefu kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. "Mzee hawezi kukaa hapo hata kidogo," alisema. "Atafundisha nini huku kiuno kinamwuma? Hilo niachieni mimi. Na muwaweke karibu na choo, siyo kule mwisho."

Wakacheka kidogo, wote watatu.

Haikuwa rahisi kama ilivyosemwa. Baadhi ya wazazi walisema lugha za nyumbani zitawachanganya watoto. Mkutubi akawaeleza kwamba mtoto ana nafasi ya lugha zaidi ya moja, na ya pili haifukuzi ya kwanza. Wengine walikubali, wengine hawakukubali. Mzee mmoja alisema yeye hajui lolote la kufundisha, maisha yake yote aliendesha lori. Dada Filimbi alimwuliza alikuwa anafanya nini njiani ili asisinzie. Akasema alikuwa anajitegea vitendawili vya kwao na kujitegulia mwenyewe. Akaombwa aje na hivyohivyo.

Bibi naye alikataa. Mkutubi alipomweleza, alitikisa mkono. Alisema watoto wale walimcheka mwanawe aliyekufa. Mkutubi hakubishana naye. Alirudi nyumbani kwake, akaja tena siku nyingine kumjulia hali tu, na siku nyingine tena. Siku hiyo ndipo Bibi alipouliza, "Wana nyuzi huko?"

Zilikuwepo. Bibi akaenda kambini, akaketi kwenye kiti kifupi chenye sponji nene alichotengeneza Fundi, na watoto wachache wakamzunguka. Mkutubi alikaa kati yao. Bibi alianza kusokota kamba kwenye paja lake, akisema neno la kila tendo. Shika. Sokota. Vuta. Watoto wakashika, wakasokota, wakavuta, na maneno yakawaingia pamoja na kazi. Mtoto mmoja alitoa kamba iliyopinda huku na huku. Bibi aliinyanyua akaiangalia, akasema jambo.

"Anasema kamba yako imelewa," Mkutubi alitafsiri.

Bibi alicheka kwanza. Ndipo watoto wakacheka.

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kumsindikiza tu. Dada Filimbi alimwona, hakumwita wala hakumpulizia filimbi. Alimwekea kiti karibu na ukuta, akaenda zake. Kidoti alikaa hapo siku ile, na siku iliyofuata. Alisikiliza. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Siku moja Bibi alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akataja neno la uzi. Kidoti aliinuka akamletea. Hakuna aliyepiga makofi, na hiyo ilimfaa.

Kazi ikaendelea nyumbani. Mkutubi alikuwa amewaonya. "Kambi itafungwa. Msipoyatumia maneno haya mezani kwenu, yatakufa kabla shule hazijafunguliwa." Kwa hiyo wakakubaliana kwamba wakati wa chakula kila kitu kitaitwa kwa lugha ya Bibi. Fundi alijaribu naye. Ulimi ulimgomea. Siku moja alitaka kuomba maji, akajikuta ameomba mbuzi. Bibi alimwambia, kwa kinywa cha Kidoti, kwamba mbuzi hayupo, labda anywe chai.

Bibi alianza kumaliza chakula chake. Mwili haukumrudia wote, na asubuhi bado alisimama pale mlangoni. Lakini sasa Kidoti alisimama karibu naye, akimngoja amalize.

Siku ya kufunga kambi haikuwa na jukwaa. Wazazi walikuja wakakaa pamoja na watoto, kila kikundi na mzee wake. Baba mmoja alisokota kamba na mwanawe. Dereva wa lori alitega vitendawili mpaka sauti ikamkauka. Mkuu wa maktaba alisema mpango huo utarudi kila likizo, na wazee watakaa na walimu kuupanga kabla kambi haijaanza.

Shule zilifunguliwa. Alasiri moja Fundi alikuwa kibandani anavuta kitambaa kwenye mkono wa kochi. Kidoti alirudi kutoka shuleni, akaingia ndani. Fundi alisikia sauti yake akisema na Bibi. Alisema polepole, akakwama, akaanza upya. Alikuwa anaiunga sentensi yake mwenyewe, isiyofundishwa kambini. Kisha ikasikika sauti ya Bibi, kwa muda mrefu. Kidoti aliuliza, Bibi akajibu. 

Kidoti akaja kibandani. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Baba, nilimwuliza Bibi mama alikuwaje alipokuwa mdogo kama mimi."

Fundi alisimamisha kazi. "Akasemaje?"

"Sikushika yote. Amesema mama alikuwa na kigugumizi. Alikuwa hawezi kusema mbele za watu. Watoto walimcheka. Bibi alikuwa anamchukua kisimani kila siku, anamwimbisha kila alichotaka kusema, mpaka maneno yakalegea." Kidoti akajifuta uso kwa mkono wa sare. "Ulikuwa unajua?"

Fundi hakuwa anajua. Alimkumbuka mkewe mezani, jinsi alivyoyachukua maneno ya kila mtu na kuyapeleka kwa mwenzake bila kukwama hata mara moja. Hakuwahi kumsikia akigugumiza. Akatikisa kichwa kukataa.

"Bibi analia," Kidoti alisema. "Lakini hakutaka niondoke. Amesema nikuite."

Fundi aliweka stepla chini. Waliingia ndani pamoja. Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alisogea kuwapa nafasi, mmoja kila upande. Kidoti akamwambia, kwa lugha yake, kwamba baba hajui habari ya kisimani. Bibi akamtazama mkwewe. Kisha akaianza hadithi upya tangu mwanzo, neno moja moja, ili wote wawili waweze kumfuata.